Ufungaji wa Kipozaji cha Kioevu katika Tarakilishi: Somo la Ufundi na Changamoto ya Vitenzi vya Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanafunza namna ya kufunga kipozaji cha kioevu ndani ya kasha la tarakilishi na namna ya kukipatia umeme. Wakati uo huo yanachunguza iwapo Kiswahili kinaweza kuielekeza kazi hiyo hatua kwa hatua bila kumpotosha fundi. Hoja yetu ni kwamba upungufu hauko sana katika nomino, ambazo wanaistilahi wameshughulika nazo kwa miaka mingi, bali katika vitenzi vya maelekezo, hasa kitenzi funga, ambacho hubeba maana kadhaa zinazoweza kupingana mezani pa fundi. Mifano inatokana na mazingira ya mji wa Kakamega, magharibi mwa Kenya.

1.0 Utangulizi

Kifungu cha 7 cha Katiba ya Kenya ya mwaka wa 2010 kinakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na pia kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Mnamo Novemba 2021 UNESCO iliitenga tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Hizi ni heshima kubwa. Hata hivyo, heshima ya lugha haipimwi kwa matamko pekee; hupimwa pia kwa kazi ambazo lugha hiyo inaweza kufanya. Katika vijitabu vyote vya maelekezo ya vipozaji ambavyo mwandishi wa makala haya amewahi kuvishika, mlikuwa na Kiingereza, Kichina, Kijerumani, Kirusi na lugha nyinginezo, lakini hakuna hata kimoja kilichokuwa na ukurasa wa Kiswahili. Fundi wetu hulazimika kuwa mfasiri kabla ya kuwa fundi.

Kisa kifuatacho ndicho kilichotusukuma kuandika. Mwaka wa 2022, katika chumba kimoja cha kazi mjini Kakamega, vijana wawili walikuwa wakifunga kipozaji cha kioevu katika tarakilishi ya kuhariri picha za video za harusi na mazishi. Mmoja alishika kijitabu na kukifasiri kwa sauti. Mwenziwe alishika bisibisi. Tarakilishi ilipowashwa, msomaji aliona kwamba kichwa cha pampu kinachezacheza, naye akasema, "Kaka, funga pampu!" Alikusudia mwenziwe azikaze skrubu. Mwenye bisibisi alielewa vingine: kwake, kufunga pampu ni kama kufunga mfereji au kufunga redio. Aliunyofoa waya wa pampu ilhali mashine inafanya kazi. Halijoto ya kichakataji ilipanda kupita nyuzi 90 za Selsiasi, na kabla ya dakika kwisha mashine ikajizima yenyewe. Kichakataji kilinusurika kwa sababu watengenezaji hukiwekea kinga ya kujizima. Wale vijana walicheka. Mwandishi, ambaye alikuwa ameketi kando akiwa na shahada ya Kiswahili, hakucheka sana.

Kakamega ni mahali panapofaa kuliuliza swali hili. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Masinde Muliro, kilichopata hadhi ya chuo kikuu kamili mwaka wa 2007, kinawaweka wanafunzi wa Kiswahili katika uwanja mmoja na wanafunzi wa uhandisi na wa tarakilishi. Ikiwa wanafunzi hao hawawezi kuelekezana kwa Kiswahili, ni nani atakayeweza?

2.0 Dhana ya Upozaji

Kabla ya kushika bisibisi, yafaa tutenganishe maneno mawili ambayo katika mazungumzo ya kila siku huchanganywa: joto na halijoto. Joto ni nishati inayotoka katika kitu kimoja na kwenda katika kingine. Halijoto ni kipimo cha ukali wa hali hiyo, kinachosomwa kwa nyuzi. Kipozaji hakiliui joto; hulihamisha tu kutoka kwenye kichakataji na kulitupa nje ya kasha. Halijoto hushuka kwa sababu joto limehamishwa.

Yeyote aliyewahi kusimama katika kituo cha magari cha Kakamega ameziona njia zote mbili za kupoza mashine. Injini ya pikipiki nyingi za bodaboda ina mapezi ya chuma ubavuni. Upepo hupita kati ya mapezi hayo na kuchukua joto. Hiyo ni njia ya hewa. Injini ya matatu, kwa upande mwingine, huzungukwa na maji yanayosukumwa na pampu hadi kwenye rejeta iliyo mbele ya gari, ambako feni huyapoza na kuyarudisha. Hiyo ni njia ya kioevu. Kipozaji cha hewa cha tarakilishi ni ndugu wa injini ya bodaboda. Kipozaji cha kioevu ni ndugu wa injini ya matatu.

Kwa nini kioevu? Lita moja ya maji huhitaji takriban jouli 4,186 ili halijoto yake ipande kwa nyuzi moja. Mji wa Kakamega uko takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na katika kimo hicho lita moja ya hewa ina uzito wa karibu gramu moja tu, hivyo huhitaji karibu jouli moja. Kwa ujazo ulio sawa, basi, maji hubeba joto zaidi ya mara 4,000 kuliko hewa. Tuchukue kichakataji kinachotumia wati 150, yaani jouli 150 kila sekunde, au jouli 9,000 kila dakika. Lita moja ya maji ikipita juu yake kwa dakika moja, maji hayo yatapanda kwa nyuzi mbili na kitu tu. Ndiyo sababu kioevu kinaweza kuliondoa joto katika eneo dogo upesi na kulipeleka mahali palipo na nafasi.

Hata hivyo, msomaji asidanganyike. Mwisho wa safari joto hilo lazima liingie hewani. Rejeta ikiwa ndogo, au feni zikiwa dhaifu, kioevu chenyewe kitapata moto na faida yote itapotea. Aidha, kipozaji cha namna hii hakiwezi kukishusha kichakataji chini ya halijoto ya chumba. Kwa hiyo hofu ya baadhi ya watu kwamba mabomba "yatatoa jasho" kwa unyevu wa Kakamega haina msingi: umande hutokea juu ya kitu kilicho baridi kuliko hewa inayokizunguka, na hapa hakuna kitu kama hicho.

Upozaji wa kioevu si jambo geni. Tarakilishi kuu ya Cray-2, iliyotolewa mwaka wa 1985, ilizamisha saketi zake ndani ya kioevu kisichopitisha umeme. Mwaka wa 2004 kampuni ya Apple iliuza tarakilishi ya mezani ya Power Mac G5 iliyopozwa kwa kioevu. Leo vifaa hivi huuzwa vikiwa vimekamilika na kuzibwa kiwandani. Hata hivyo, mtu anayeandika barua na kusoma makala havihitaji. Vinawafaa wenye vichakataji vinavyotumia umeme mwingi kwa muda mrefu: wahariri wa video, wachoraji wa majengo, watafiti wa takwimu kubwa. Kwa wengine, kipozaji cha hewa kilicho bora ni rahisi zaidi na hudumu zaidi.

3.0 Istilahi Zinazotumika

Tumbo-Masabo na Mwansoko (1992) walieleza njia za kuunda istilahi za Kiswahili, zikiwemo unyambuaji, uambatanishaji, upanuzi wa maana, na ukopaji. Njia hizo zote zinaonekana katika orodha ifuatayo, ambayo itatumika katika makala yote.

Kipozaji: chombo kizima. Neno linatokana na kitenzi poza, chenye maana ya kufanya kitu kipoe. Tunasisitiza tahajia hii. Wapo wanaoandika "kipoozaji," lakini kitenzi pooza kwa maana yake iliyozoeleka zaidi ni kupotewa na nguvu za viungo. Irabu moja ya ziada humgeuza mponyaji wa mashine kuwa mlemazaji wake.

Kioevu: kitu kinachozunguka ndani ya mabomba. Tunaliepuka neno "maji" kwa makusudi. Kioevu hiki ni maji yaliyochanganywa na kemikali za kuzuia kutu na ukungu. Fundi akiambiwa "maji," anaweza kushawishika kuongeza ya mferejini.

Bamba la shaba: sehemu inayogusa kichakataji na kupokea joto. Juu yake huwa na kichwa cha pampu.

Rejeta: neno ambalo mafundi wa magari wamekwisha kulizoea. Hatuoni haja ya kuunda jingine. Upana wake hulingana na idadi ya feni: milimita 120 kwa feni moja, 240 kwa mbili, 360 kwa tatu, na kadhalika.

Ubao mama: ubao mkuu wa saketi. Hii ni tafsiri sisisi ambayo imekubalika.

Bamba la nyuma: kipande kinachowekwa nyuma ya ubao mama ili kushikilia skrubu.

Lahamu ya joto: dawa laini inayopakwa kati ya kichakataji na bamba la shaba ili kujaza vijitundu vya hewa. Jina hili ni pendekezo letu; wengi husema "pesti" tu.

Mtiririko: mwendo wa kioevu. Mkondo: mwendo wa umeme. Kwa kawaida neno mkondo hutumika kwa vyote viwili, kwa maji ya mto na kwa umeme wa waya. Katika chombo ambamo maji na umeme vinakaa sentimita chache tu kutoka kimoja hadi kingine, maana hizo mbili hazifai kukaa katika neno moja.

4.0 Hatua za Ufungaji

4.1 Kupima na kuhakiki

Jambo la kwanza ni vipimo. Hakikisha kwamba kasha lina nafasi ya rejeta uliyo nayo. Rejeta ya kawaida ina unene wa milimita 27 na feni milimita 25. Kwa pamoja ni milimita 52, na vipande vya kumbukumbu vilivyo virefu vinaweza kuizuia rejeta iliyo juu ya kasha. Pili, hakikisha kwamba vishikizo vilivyo katika sanduku vinalingana na soketi ya kichakataji. Soketi ya LGA 1700 ya Intel, iliyotoka mwaka wa 2021, ina matundu yaliyoachana kwa milimita 78, ilhali ile ya LGA 1200 iliyoitangulia ina milimita 75. Milimita tatu zinatosha kuirudisha kazi yote dukani.

4.2 Kuandaa ubao mama

Zima tarakilishi, kisha chomoa waya wake ukutani. Gusa chuma cha kasha ili umeme tuli ulio mwilini uondoke. Pachika bamba la nyuma, kisha upande wa mbele ingiza nguzo fupi za skrubu. Ikiwa kulikuwa na kipozaji cha zamani, futa lahamu iliyokauka kwa kitambaa kisichotoa nyuzi kilicholoweshwa kidogo kwa alkoholi ya isopropili.

4.3 Feni na rejeta

Zishike feni kwenye rejeta kabla ya kuipandisha rejeta. Hewa huingia upande ulio wazi wa feni na kutokea upande wenye mikono inayoishikilia mota; feni nyingi pia huwa na mishale ubavuni. Feni zote za rejeta moja lazima zielekee upande mmoja.

Hapa pana hatari ambayo vijitabu vingi huitaja kwa mchoro tu. Skrubu ni za aina mbili. Zile ndefu, za takriban milimita 30, hupita ndani ya unene wa feni na kuingia kwenye rejeta. Zile fupi huishikilia rejeta moja kwa moja kwenye kasha. Mtu akitumia ndefu mahali pa fupi, ncha yake inaweza kutoboa mfereji wa kioevu. Kipozaji kilichotobolewa hakitengenezeki kwa urahisi, na kinaweza kumwaga kioevu juu ya ubao mama. Tenganisha skrubu hizo katika visahani viwili kabla ya kuanza.

Rejeta huwekwa juu ya kasha ikipuliza hewa nje, au mbele ya kasha ikivuta hewa ndani. Kanuni iliyo kuu ni moja: sehemu ya juu kabisa ya rejeta iwe juu kuliko pampu. Ndani ya kila kipozaji mna hewa kidogo, nayo huongezeka taratibu kadiri miaka inavyopita kwa sababu chembe za maji hupenya ukuta wa mabomba. Hewa hupanda. Ikikusanyika juu ya rejeta haina madhara; ikikusanyika ndani ya pampu, pampu hutoa kelele na maisha yake hupungua.

4.4 Lahamu na bamba la shaba

Ondoa karatasi ya plastiki iliyo chini ya bamba la shaba. Wengi wamesahau hatua hii, na mashine zao zikawaka moto huku kila kitu kikionekana kuwa sawa. Ikiwa bamba halikupakwa lahamu kiwandani, weka katikati ya kichakataji kiasi cha punje moja ya njegere, ambayo sisi wa Kenya huiita minji. Teremsha bamba la shaba wima bila kuliburuta. Kaza skrubu kwa mtindo wa msalaba, kila moja mizunguko michache kwa zamu, kama fundi wa magari anavyokaza nati za gurudumu. Acha zinapogoma; usitumie nguvu za kubomoa.

5.0 Kukipatia Kipozaji Umeme

Mafundi wengi huzijua skrubu kuliko nyaya; makosa mengi hutokea hapa. Kipozaji cha kawaida kina nyaya za aina tatu.

Waya wa kwanza ni wa pampu. Plagi yake huwa na matundu matatu au manne. Pini ya kwanza ni ya kurudishia mkondo, ya pili hubeba volti 12, ya tatu hupeleka taarifa ya kasi ya mzunguko, na ya nne, ikiwapo, hupokea amri ya kubadili kasi. Tafuta kwenye ubao mama pini zilizoandikwa AIO_PUMP au W_PUMP. Ikiwa hazipo, tumia CPU_FAN. Pampu yapasa kupata volti 12 kamili wakati wote. Usiruhusu ubao mama upunguze kasi yake kama unavyopunguza ya feni. Pampu nyingine hupokea umeme kupitia plagi bapa ya SATA inayotoka moja kwa moja katika kigawa umeme.

Waya wa pili ni wa feni. Hizi huunganishwa kwenye CPU_FAN, kwa kawaida kupitia kigawanyaji. Mara nyingi tundu la feni katika ubao mama huhimili ampea 1. Hesabu ni rahisi: feni tatu zenye ampea 0.25 kila moja ni ampea 0.75, ambazo kwa volti 12 ni wati 9. Hapo pana usalama. Feni tano za namna hiyo ni ampea 1.25, na tundu linaweza kuungua. Ikumbukwe pia kwamba tarakilishi nyingi hukataa kuendelea kuwaka zisipopokea taarifa ya kasi kutoka CPU_FAN. Hilo si ubovu, ni ulinzi. Pini hizo zisiachwe tupu.

Waya wa tatu ni wa taa za mapambo. Taa hizi ni za aina mbili zinazofanana kwa macho: zenye pini tatu hutumia volti 5, na zenye pini nne hutumia volti 12. Taa za volti 5 zikipelekewa volti 12 huungua papo hapo. Soma maandishi yaliyo kwenye ubao mama kabla ya kuchomeka, na plagi ikigoma usiilazimishe.

Baada ya kuchomeka zote, washa tarakilishi na uingie katika mipangilio ya ubao mama kabla ya kufungua programu nyingine yoyote. Angalia mambo mawili: kwamba kasi ya pampu inaonekana na si sufuri, na kwamba halijoto ya kichakataji inatulia badala ya kupanda mfululizo. Sauti ya mbubujiko katika dakika za kwanza ni ya kawaida. Hewa inatafuta mahali pake. Ikiwa kasi ya pampu ni sufuri, zima mara moja.

6.0 Hali ya Kakamega

Mvua za alasiri zenye radi ni jambo la kawaida katika eneo hili la bonde la Ziwa Viktoria, na umeme hupotea bila kuaga. Je, pampu ikisimama ghafula, kichakataji hakitaungua? La. Umeme ukikatika, pampu na kichakataji husimama kwa pamoja. Chanzo cha joto na chombo cha kuliondoa hulala usingizi mmoja. Hatari iko katika umeme unaporudi kwa kishindo, au radi inapopiga karibu na nyaya. Umeme wetu wa volti 240 upitishwe katika kifaa cha kukinga mshtuko wa umeme, na radi zikianza, waya uchomolewe ukutani.

Wakati wa kiangazi cha Januari na Februari, vumbi jekundu la barabara huingia kila mahali. Mapezi ya rejeta ya tarakilishi ni membamba na huzibika upesi. Kila baada ya miezi michache, shikilia mabawa ya feni yasizunguke, kisha pulizia vumbi kutoka upande ambao hewa hutokea. Kwa upande mwingine, wenyeji wa Kakamega wana bahati ambayo mwenzao wa Mombasa hana: hewa ya chumba ikiwa baridi kwa nyuzi kumi, kichakataji nacho huwa baridi kwa karibu nyuzi kumi zizo hizo.

7.0 Mjadala: Vitenzi Ndivyo Vinavyounguza

Tukirejea kisa cha utangulizi, tunaona kwamba wale vijana hawakukosa nomino. Walisema "pampu" na wakaelewana. Walichokosa ni kitenzi. Katika matumizi ya kawaida, funga huweza kumaanisha kusakinisha kifaa, kukaza skrubu, kuziba tundu, kuzima mashine, au kukata mtiririko wa maji. Maana zote tano zinawezekana juu ya kifaa kimoja, mbele ya meza moja, katika saa moja.

Juhudi za kukiingiza Kiswahili katika tarakilishi zimekuwapo. Mwaka wa 2004, mradi wa Kilinux ulioendeshwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi inayozungumza Kiswahili. Hata hivyo juhudi za namna hiyo zilihusu zaidi kile kinachoonekana kiooni: faili, hifadhi, futa, chapisha. Kazi ya mkono, ya skrubu na waya, imeachiwa wenye karakana, nao wamejitegemea kwa kuchanganya ndimi.

Tunapendekeza kanuni ndogo kwa yeyote aandikaye maelekezo ya ufundi: kitendo kimoja, kitenzi kimoja. Pachika kitumike kwa kuweka kifaa mahali pake. Kaza na legeza vitumike kwa skrubu. Chomeka na chomoa vitumike kwa plagi. Washa na zima vitumike kwa umeme. Ziba kitumike kwa tundu au uvujaji. Nacho kitenzi funga, pamoja na uzuri wake wote, kibaki katika kichwa cha makala na katika jina la kazi nzima, kama tulivyofanya hapa. Kisitumike kamwe ndani ya hatua. Vitenzi hivi vyote ni vya zamani. Havihitaji kamati ya kuviunda. Vinahitaji nidhamu ya kuvitumia.

Kuna watakaodai kwamba hali halisi humwongoza msikilizaji katika kuelewa maana. Ni kweli katika mazungumzo ya kawaida, ambapo anayekosea huuliza tena. Lakini maelekezo ya ufundi husomwa na mtu aliye peke yake, mikono ikiwa na kazi, na mashine ikiwa imewashwa. Yeye hana wa kumwuliza.

Aidha, wako watakaosema kwamba maneno tarakilishi, ngamizi na kompyuta yangepaswa kusuluhishwa kwanza. Mjadala huo una nafasi yake. Lakini hakuna kichakataji kilichowahi kuungua kwa sababu mmoja alisema tarakilishi na mwingine akasema kompyuta.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba Kiswahili kinaweza kumwongoza fundi kutoka kwenye kupima kasha hadi kwenye kusoma kasi ya pampu, kwa maneno ambayo kwa sehemu kubwa tayari anayo. Yamebainisha pia kwamba uangalifu wa mwandishi katika vitenzi si pambo la mtindo bali ni sehemu ya usalama wa kazi. Tunawahimiza wanafunzi wa Kiswahili wavuke ua wa idara, waingie karakana na maabara, wasikilize jinsi mafundi wanavyosema, kisha waandike. Wahenga walisema kwamba asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Siku ambayo kijana wa Kakamega atafungua sanduku la kipozaji na kukuta karatasi moja iliyoandikwa kwa Kiswahili kinachoeleweka, hata kama karatasi hiyo imechapwa na mwanafunzi mwenzake, lugha yetu itakuwa imefanya kazi ambayo tamko haliwezi kuifanya.

Maswali ya Mjadala

1. Eleza tofauti kati ya joto na halijoto, kisha utunge sentensi mbili za maelekezo ambamo kuchanganya maneno hayo kunaweza kuleta hasara.

2. Kipozaji, kipoza, kipozeo: jadili jinsi viambishi tamati vinavyobadili maana katika maneno haya, na utoe sababu za kuteua mojawapo.

3. Feni nne zinatumia ampea 0.2 kila moja kwa volti 12. Je, zinaweza kuunganishwa kwenye tundu moja la ampea 1? Andika jibu lako kwa sentensi kamili, ukitofautisha mkondo na mtiririko.

4. Tembelea fundi wa magari, wa redio au wa tarakilishi katika mji wako. Orodhesha vitenzi kumi anavyotumia kazini, na uonyeshe ni vipi vina maana zaidi ya moja.

5. "Kitendo kimoja, kitenzi kimoja." Je, kanuni hii inaweza kudhuru uzuri wa lugha? Toa hoja zako kwa kurejelea matini ya ufundi na matini ya fasihi.